Kliniki ya seli shina kwa wagonjwa wa figo: nyota mbili na sababu zake

Nyota mbili kati ya tano. Moja ni ya muuguzi, ambaye nitamtaja huko mbele kwa sababu anastahili. Ya pili ni ya fomu ya ridhaa, ambayo walituruhusu kuondoka nayo tukaisome kwa utulivu. Huduma yenyewe, yaani dripu ya seli shina (seli changa ambazo zinaweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) kwa ugonjwa sugu wa figo, siwezi kuipa hata moja kwa jinsi inavyouzwa pale.

Nilimsindikiza kaka yangu. Ana kisukari cha aina ya pili, ana presha, na kiwango chake cha uchujaji wa figo kimeshuka hadi 27, maana yake yuko hatua ya 4 kati ya 5 za ugonjwa huu. Mimi ni mtaalamu wa maabara. Kazi yangu ya kila siku ni damu na mikojo ya watu, kwa hiyo nilikwenda na maswali. Kaka alikwenda na matumaini, na sitaki mtu ayabeze. Ukishaambiwa kwamba dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, inakaribia, kila mlango unaofunguliwa utauchungulia.

Mapokezi hayana kasoro: pasafi, tulihudumiwa kwa wakati, na hakuna aliyetuharakisha. Daktari alitukaribisha vizuri, akafungua kipeperushi chenye picha ya figo iliyosinyaa upande mmoja na figo inayong'aa upande wa pili. Akaeleza kwamba seli zinatoka kwenye kamba ya kitovu cha mtoto mchanga, zinaingizwa kwenye mshipa wa mkono, zinaitafuta figo iliyoumia, kisha zinageuka kuwa seli mpya za figo.

Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Kila figo ina wastani wa nefroni milioni moja, yaani vichujio vidogo vya damu pamoja na mirija yake, na zote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa. Baada ya hapo mwili wa binadamu hauongezi nyingine. Seli wanazozitumia pale, aina ya seli shina iitwayo seli za mesenkaimu, zikiingizwa kwenye mshipa, nyingi hunaswa kwenye mishipa midogo ya mapafu na hutoweka ndani ya siku chache. Hakuna ushahidi kwamba zinafika kwenye figo kwa wingi na kujenga nefroni. Anayemwambia mgonjwa hivyo anamuuzia picha ya kwenye kipeperushi.

Linaloniumiza ni kwamba ukweli wenyewe ungetosha kumvutia kaka. Seli hizi zinafanya kazi, ila si kazi ya fundi wa kujenga. Zinazungumza na kinga ya mwili. Kwenye figo yenye kisukari, seli za mirija zikiumia hutoa ishara za hatari. Ishara hizo huamsha swichi ndani ya seli inayoitwa NF-kappa B, na hiyo huwasha jeni za saitokini, yaani protini ambazo seli za kinga huzitumia kupeana ujumbe, kama TNF, intaleukini-6 na MCP-1. MCP-1 huita monositi, aina ya chembe nyeupe, kutoka kwenye damu, nazo zikishaingia kwenye figo huwa makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu. Jeraha likiwa la mara moja, makrofaji hao huanza kwa ukali, kisha hubadilika na kuwa wasafishaji na watulizaji. Jeraha lisipokoma, kama sukari na presha zinavyofanya mwaka baada ya mwaka, utulivu hauji. Inflamesheni, yaani ule uwakaji wa kinga kwenye jeraha, hubaki chinichini kama moto wa makaa uliofunikwa na majivu, na protini iitwayo TGF-beta huendelea kuamuru kovu lijengwe mahali palipokuwa na mirija. Kovu hilo ndilo linalomla kaka yangu uchujaji wake.

Sasa, seli za mesenkaimu zikikutana na TNF na interferoni gama, saitokini nyingine, hubadilika. Huanza kutoa kemikali iitwayo prostaglandini E2, ambayo huwasukuma makrofaji upande wa utulivu, na kimeng'enya kiitwacho IDO, kinachokula triptofani, kirutubisho ambacho seli T, askari wa kinga, zinakihitaji ili kuongezeka. Hutoa pia vifuko vidogo vilivyobeba protini na RNA. Hata zikifa zina kazi: monositi huzimeza, na kule kuzimeza kwenyewe huwageuza kuwa watulivu zaidi. Ndiyo maana dripu iliyoishia mapafuni bado inaweza kuacha alama kwenye kinga ya mwili mzima.

Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini niliuliza niliyouliza. Kama dawa ni mazungumzo kati ya seli na kinga, basi hali ya kinga ya mgonjwa siku ile ni sehemu ya dawa. Kwa hiyo nilitaka kujua: mnapima nini kabla? Jibu lilikuwa kreatinini, taka ambayo figo huitoa kwenye damu, na picha nzima ya damu. Hawapimi albumini kwenye mkojo, protini inayoonyesha kama machujio yanavuja, kipimo ambacho hakuna mtaalamu wa figo angekiacha. CRP, kipimo cha inflamesheni kwenye damu, hawapimi. Baada ya dripu wanarudia kreatinini tu, nayo ikishuka wanahesabu ushindi. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mgonjwa akikonda kwa kukosa hamu ya kula, itashuka na figo ikiwa vilevile au mbaya zaidi.

Niliomba cheti cha seli: namba ya kundi la uzalishaji, asilimia ya seli zilizo hai baada ya kuyeyushwa kutoka kwenye ugandisho, vipimo vya bakteria na endotoksini (sumu ya bakteria), na alama za utambulisho za CD73, CD90 na CD105 ambazo kila maabara ya seli hizi inatakiwa kuzionyesha. Nililetewa karatasi nzuri yenye muhuri, bila namba ya kundi wala matokeo.

"Dada, mambo ya maabara tuachie sisi," daktari akasema.

Kaka akamjibu kabla yangu: "Daktari, huyu ndiye maabara."

Swali lililonikalia rohoni kuliko yote lilihusu HLA, alama zilizo juu ya seli ambazo kinga huzitumia kutambua kilicho chake na cha mgeni. Seli za mtu mwingine zinabeba alama za HLA za mtu huyo, na mwili unaweza kuzitengenezea kingamwili. Kwa mtu mwenye afya huenda lisiwe jambo kubwa. Kwa mtu anayeelekea kupandikizwa figo, kila kingamwili ya HLA inapunguza idadi ya figo anazoweza kupewa. Kliniki haipimi kingamwili hizo kabla wala baada, na fomu ya ridhaa, kurasa zote tulizozisoma usiku ule, haitaji neno hilo hata mara moja. Kuwauzia dripu watu wa hatua ya 4 na kulinyamazia hili ni kosa zito, nami nalisema bila kupepesa.

Kipeperushi kilisema "imethibitishwa na tafiti za kimataifa". Nilizitafuta nikazisoma. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 156 walioumia figo ghafla baada ya upasuaji wa moyo. Seli hazikuharakisha kupona kwa figo. Mwaka 2017, jaribio la seli za kitovu kwa wagonjwa wa figo wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wenyewe, lilisimamishwa baada ya watu 18, maana waliopewa plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) walikuwa wanapata nafuu vilevile. Upande wenye mwanga, jaribio la Ulaya liitwalo NEPHSTROM, lililochapishwa 2023, liliwapa watu wenye hali kama ya kaka dozi moja ya seli milioni 80 kutoka kwenye uboho, na katika miezi 18 uchujaji wao ulishuka polepole zaidi kuliko wa wenzao wa plasebo. Nilifurahi kulisoma. Lakini watu wote walikuwa 16, na seli zilichujwa na kupimwa kwa ukali ambao sikuuona kwenye ile karatasi yenye muhuri.

Kuna habari nyingine ninayotaka kila mgonjwa aijue. Kikundi cha Bergamo, Italia, kiliripoti mwaka 2011 wagonjwa wawili waliopewa seli zao wenyewe siku ya saba baada ya kupandikizwa figo. Kreatinini ilipanda, na kipande cha figo kilichotolewa kupimwa kilionyesha neutrofili na komplimenti ya C3, yaani chembe nyeupe na protini za kinga zinazoonyesha uwakaji. Seli zilizotarajiwa kutuliza zilikuta figo mpya tayari imewaka, zikachangia kuiwasha. Baadaye waliwapa wagonjwa wengine seli kabla ya upandikizaji, na tatizo hilo hawakuliona tena. Seli za aina ileile, siku tofauti, matokeo tofauti. Nilipomuuliza daktari wanaamuaje siku ya kumpa mgonjwa dripu, alisema wanafuata nafasi kwenye ratiba.

Wapo pia wanaochoma seli moja kwa moja ndani ya figo. Kliniki hii haifanyi hivyo, na haki yao niwape. Ukikutana na anayefanya, ondoka. Mwaka 2010 iliripotiwa habari ya mgonjwa wa lupasi aliyechomwa seli zake kwenye figo katika kliniki binafsi, akaota uvimbe wa mishipa na seli za damu mlemle, na figo zikafa.

Nyota zingekuwa tatu kama si sentensi moja ya mwisho ya daktari: kwamba baada ya dripu ya pili kaka angeweza kuacha baadhi ya vidonge vya presha. Kimojawapo cha vidonge hivyo ni losatani, iliyowekwa mahususi kulinda machujio yake. Kumwachisha mtu dawa hiyo kwa ahadi ya seli ni kumharakishia dayalisisi.

Muuguzi sasa. Alipotutoa nje alituuliza kama kaka ameshaonwa na mtaalamu wa figo, na kama kuna aliyemtajia dawa za kundi la vizuizi vya SGLT2, dawa za kisukari ambazo pia hulinda figo. Hakuwa na sababu ya kibiashara ya kusema hivyo. Tulikwenda. Mtaalamu alimwanzishia dapagliflozini, dawa ambayo mwaka 2020, katika utafiti wa watu 4,304, ilipunguza kwa asilimia 39 hatari ya figo kuporomoka au mtu kufa kwa figo au moyo. Akamwandikia vipimo vya albumini kwenye mkojo na kuanza kumwandaa kwa tathmini ya upandikizaji. Aliponiona nina hamu ya kuzungumzia seli, alisema atafurahi kumwingiza kaka kwenye jaribio halali likitokea, lenye kamati ya maadili na kundi la plasebo, na ambalo mgonjwa halipii seli. Kaka amekubali kusubiri hilo.

Kliniki ikianza kupima kingamwili za HLA, ikionyesha cheti chenye namba ya kundi, na ikiitupa ile picha ya figo inayong'aa, nitarudi kuandika upya na nyota nitaongeza kwa moyo mweupe. Wale ambao tayari mmepewa dripu, pale au kwingineko, waambieni madaktari wenu wa upandikizaji: tarehe, chanzo cha seli, na idadi ya dozi. Waombeni wapime kingamwili za HLA upya, hata kama mlipimwa zamani zikaonekana hazipo.