Kutoka Kigoma kwa boti: Gombe au Mahale?

Kila anayeniuliza kuhusu safari za boti kutoka Kigoma huanza na sokwe. Wa wapi wazuri, wa hifadhi ya Gombe au wa hifadhi ya Mahale? Mimi nimefika kote kuwili, na siku hizi namjibu mtu kwa kumuuliza yeye na maji wanaelewanaje. Sokwe wako pande zote mbili. Kinachotofautisha safari hizi ni masaa utakayokaa juu ya Ziwa Tanganyika kabla hujakanyaga mchanga.

Gombe ni jirani, kama kilomita 16 kaskazini mwa mji. Barabara ya kuingia hifadhini hakuna, boti tu. Ukitaka nafuu, nenda Kibirizi upande boti la abiria la vijiji vya kaskazini, yale yanayofika hadi Mwamgongo. Huondoka mchana, likishajaa, na Jumapili usilitegemee. Unakaa juu ya ubao katikati ya magunia, makreti ya soda na madumu ya mawese, linasimama kushusha mtu hapa na mzigo pale, na karibu masaa matatu yanakwisha hivyo. Boti la kukodi linatumia saa moja na kitu mpaka mawili, kutegemea injini.

Mara ya kwanza nilipanda hilo la abiria pamoja na shemeji yangu, mtu wa Tabora ambaye maji makubwa aliyoyazoea ni bwawa la Igombe. Nusu ya kwanza alishika ubao kwa mikono miwili bila kusema neno. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akamwambia, "Baba, legeza mikono, boti halikimbii peke yake." Akacheka, akalegea, na tangu hapo safari ikawa nzuri. Mwambao uko karibu muda wote: vijiji, michikichi, dagaa walioanikwa, halafu ghafla vilima vilivyokatwa miti vinaishia na msitu unaanza. Hapo huhitaji kibao cha kukuambia umefika hifadhini.

Gombe yenyewe ni ndogo, na kwangu hiyo ndiyo sifa yake. Unalala kambi ya Kasekela, asubuhi unaingia mlimani na mwongozaji, na kwa kuwa sokwe wale wamefuatiliwa tangu mtafiti Jane Goodall alipofika pale Julai 1960, hawashtuki wakikuona. Wanapewa majina kwa ukoo. Mtoto hupewa jina linaloanza na herufi ya jina la mama yake. Mwongozaji wetu aliwataja kama mtu anavyotaja majirani wa mtaani kwao, huyu mwana wa nani, yule aligombana na nani. Tulimkuta mmoja ameinama kwenye kichuguu, anachomeka kijiti, anakivuta taratibu, analamba mchwa. Ni jambo lile lile Goodall aliloliona mwaka 1960 likawalazimisha wanasayansi kufikiri upya, maana kabla ya hapo kutengeneza zana kulihesabiwa kuwa ni kazi ya binadamu peke yake. Kulisoma ni kitu kimoja. Kusimama mita kumi ukisikia pumzi zake ni kingine.

Mapungufu yapo. Milima ya Gombe inapanda wima, na mwenye magoti mabovu atajuta. Nyani wa ufukweni nao ni wezi wazoefu, kwa hiyo kula ndani na funga mlango. Muda wa kukaa na sokwe ni saa moja, haijalishi umetoka wapi.

Mahale ni habari nyingine kabisa. Iko zaidi ya kilomita 100 kusini mwa Kigoma, ina eneo la kilomita za mraba 1,613, na mlima wake mkubwa, Nkungwe, unafika mita 2,462. Zamani watu wa kipato chetu waliifikia kwa MV Liemba, ile meli ambayo Wajerumani waliiunda mwaka 1913 huko Papenburg, wakaifungasha vipande vipande hadi Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina hilo la Liemba. Abiria wa Mahale walishukia kijiji cha Lagosa, mara nyingi usiku, kwa mitumbwi inayoifuata meli katikati ya maji. Kwa kuwa meli hiyo imekaa muda mrefu kwenye matengenezo, ulizia bandarini kabla hujaiweka kwenye mipango.

Sisi tulikodi. Boti lenye injini ya nguvu linahitaji masaa manne au matano, la mbao lenye injini ndogo linaweza kula siku nzima. Na hapa ndipo majira yanapoingia. Kiangazi, kuanzia Mei mpaka Septemba, upepo wa kusini unavuma, na anayekwenda Mahale anaupokea usoni. Tulilowa mpaka kwenye soksi. Shemeji, aliyekuwa akijisifu kwamba sasa ni mtu wa maji, alirudi kwenye tabia yake ya kushika ubao kwa mikono miwili.

Lakini lazima niseme haki: msitu wa Mahale unaushinda wa Gombe. Maji yake ni maangavu, mchanga mweupe, milima inaanzia pale pale ufukweni na kupotelea kwenye ukungu. Watafiti wa Kijapani, wakiongozwa na Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto, walianza kazi huko mwaka 1965, hivyo sokwe wa kundi linaloitwa M nao wamezoea watu. Kabla ya kuwakaribia unavaa barakoa, kwa sababu mafua yetu yanaweza kuwaua. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kitu kidogo: sokwe wawili wamekaa wakitazamana, kila mmoja kainua mkono juu, viganja vimeshikana, na kwa mkono uliobaki wanachambuana manyoya. Mwongozaji akasema sokwe wa Gombe hawana desturi hiyo. Ziwa moja, mnyama yule yule, mila tofauti. Kwa ajili ya hilo peke yake sikuona hasara ya soksi zilizolowa.

Sasa gharama. Mtanzania kiingilio chake ni cha chini sana kuliko cha mgeni, na kinalipwa kwa namba ya malipo, si fedha mkononi, hivyo kamilisha hilo mjini kwenye mtandao mzuri. Kinachoumiza mfuko ni boti. Kwa Gombe mnaweza kuwa wawili na bado ikawezekana, hasa mkipanda la abiria. Kwa Mahale msipofika watu watano au sita wa kuchangia mafuta, bakini Kigoma mle migebuka.

Kama ni mara yako ya kwanza, au una wikiendi tu, au unasafiri na mtu anayeogopa mawimbi, mimi nakuambia Gombe bila kusita. Mahale iwe ya mwenye nafasi, mwenye kundi, na asiyekerwa na kulowa. Wakati wa mvua sokwe wa Gombe huwa hawatembei mbali, ingawa njia zinateleza. Kiangazi unapiga picha nzuri zaidi lakini unaweza kupanda sana kuwafuata.

Boti la abiria la kurudi kutoka Gombe hupita asubuhi, kwa hiyo ukilitegemea ni lazima ulale, na mwambie mhudumu jioni ili walipungie likisogea. Ukikodi, kwa Gombe au kwa Mahale, hesabu maboya ya kujiokolea mwenyewe kabla ya kupanda, na mkubaliane kabisa na nahodha kama bei aliyotaja ina mafuta ya kurudi.