Kamera ya filamu kwa picha za mtaani na za sura, Tanga: uanze na ipi?

Kama una haraka, tafuta Olympus Trip 35 iliyo nzima. Ukiikosa, chukua Pentax K1000. Zenit ya Kirusi ikikujia kwa bei ya chini, usiiache. Nyingine nitazitaja hapa chini, ila kwa maoni yangu ni za mtu ambaye tayari ana mojawapo ya hizo tatu.

Mpangilio huu ni wa mtu anayepiga picha Tanga. Mpiga picha wa Arusha angeupangua na asingekosea. Sisi huku tuna hewa ya bahari, na ukungu unaota ndani ya lenzi za kamera zilizofungiwa kabatini. Tuna shida ya betri: vibetri vidogo vya saa utavipata kwa fundi saa yeyote, lakini vile vya ajabu ajabu utaagiza mbali na kusubiri. Halafu kuna picha zenyewe. Pita barabara za namba kule Ngamiani saa nne asubuhi, uone watu wamekaa wapi: barazani, kivulini, na nyuma yao barabara inawaka. Kamera isiyoweza kuitoa sura katika hali hiyo haitakufaa, hata iwe na jina gani.

1. Olympus Trip 35

Ilitengenezwa Japani kuanzia 1967 hadi 1984, kwa hiyo mitumba yake bado inazunguka. Haina betri hata moja. Ule mzunguko wa kioo chenye vinundu unaoizunguka lenzi ni seli ya seleniamu. Mwanga ukiipiga inazalisha umeme kidogo, na umeme huo ndio unaoiongoza kamera kuchagua tundu la lenzi (upana wa njia ya mwanga) na mwendo wa shata (muda ambao pazia la ndani linakaa wazi), ama 1/40 ama 1/200 ya sekunde. Wewe kazi yako ni kukadiria umbali, nao umechorwa kwa vipicha: kichwa kimoja ni mita 1, watu wawili mita 1.5, kikundi mita 3, mlima ni mbali kabisa.

Kwa picha za mtaani huo mfumo unatosha sana. Weka filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha filamu inavyouhisi mwanga; namba kubwa inahitaji mwanga mdogo), acha alama kwenye kikundi, tembea. Kukiwa na jua tundu linajibana lenyewe, na kila kitu kuanzia kama mita 2 hadi ng'ambo ya barabara kinatoka kikali. Mwendesha baiskeli akikatiza mbele yako, na Tanga hawakosekani, huna haja ya kurekebisha chochote. Tena shata yake haina kelele. Mtu aliyekubali kupigwa picha hashtuki.

Kasoro yake iko kwenye hilo baraza. Seli inapima mwanga wa mbele yako wote kwa pamoja, haijui kwamba unayemtaka ni mzee aliyekaa kivulini. Inaona barabara inang'aa, inabana tundu, na uso wa mzee unatoka mweusi usio na macho. Dawa yake ni kuidanganya kamera: filamu ni ya 400, wewe zungusha namba ya ISO iweke 200, au hata 100 kama barabara ya nyuma ni nyeupe pe. Inadhani filamu ni nzito kuuhisi mwanga, inaongeza mwanga. Barabara itazidi weupe kidogo, sawa, lakini sura umeipata. Ukimaliza irudishe ilipokuwa.

Kabla hujatoa hela, ijaribu hapo hapo. Weka tundu kwenye A (otomatiki), zungusha gurudumu la filamu, ielekeze kwenye mwanga wa nje, bonyeza. Inapaswa kufyatuka. Zungusha tena, sasa ziba lenzi na seli kwa kiganja, bonyeza. Kibendera chekundu kinatakiwa kichomoze ndani ya kitundu cha kuchungulia na kitufe kigome. Kibendera kikichomoza ukiwa juani, seli imekufa, mrudishie mwenyewe. Usikubali kuambiwa "itaamka ikikaa kwenye jua".

2. Pentax K1000

Hii ingekuwa ya kwanza kama orodha ingekuwa ya picha za sura peke yake. Iliuzwa kuanzia 1976 hadi 1997, na wanafunzi wengi wa upigaji picha duniani walianza nayo. Ni chuma, ni nzito, kila kitu unakizungusha kwa mkono. Betri yake ni LR44, kile kibetri kidogo cha kwa fundi saa, na kazi yake ni kuuchezesha mshale wa kupimia mwanga tu. Betri ikifa kamera inaendelea kupiga. Haina swichi ya kuzima: mshale unakula betri muda wote lenzi inapoona mwanga, kwa hiyo kifuniko cha lenzi ndiyo swichi yako.

Uzuri wake kwa picha za sura ni kwamba unapima mwanga wa uso wenyewe. Msogelee mtu, baada ya ruhusa, hadi uso wake ujae kwenye kitundu, zungusha hadi mshale ukae katikati, kisha rudi nyuma mahali unapotaka kupigia bila kugusa namba tena. Barabara ya nyuma iwake itakavyo. Angalia kanzu lakini. Mshale ukipima kanzu nyeupe utabana mwanga, na ngozi nyeusi itazama gizani. Ukikosa njia ya kuupima uso, fungua tundu hatua moja au mbili zaidi (kila hatua inaongeza mwanga mara mbili). Filamu ya rangi ya negativu huvumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, hivyo ukibahatisha, bahatisha upande wa kuzidisha.

Na hapa niseme kidogo. Kwa miaka mingi maabara za picha zilikuwa zikisawazisha rangi kwa kutumia kadi ya picha ya mwanamke wa Kizungu, wakaiita kadi ya Shirley. Ngozi zetu hazikuwa kwenye hesabu. Filamu za sasa ni bora zaidi, lakini mashine ya kuskani ukiiachia ijiamulie bado inaweza kukupauza au kukutoa wekundu wa ajabu. Ukipeleka filamu, mwambie anayeskani atazame ngozi, asitazame ukuta.

Lenzi ya 50mm inayokuja nayo mara nyingi hufungua hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Ukiifungua hivyo, mlango wa nyuma unayeyuka na macho yanabaki. Ila fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu nawe, la sivyo utapata pua kali na macho yenye usingizi.

3. Zenit-E

Kamera ya Krasnogorsk, karibu na Moscow. Thamani yake kubwa ni lenzi ya Helios 44-2, 58mm, f/2, ambayo kwa picha za sura inashindana na lenzi za bei mara kadhaa. Kipima mwanga chake ni cha seleniamu pia na huwa kimechoka, usikitegemee. Tumia hesabu ya zamani: filamu ya 200, shata 1/250, ukiwa kwenye jua kamili weka f/16, barazani fungua hatua tatu, f/5.6. Kwa Tanga, hesabu hiyo itakufikisha karibu kila mahali hadi jioni.

Kero: unaweka fokasi tundu likiwa wazi, halafu unalibana kwa mkono kabla ya kufyatua, na ukisahau unapoteza picha. Na ikifyatuka inalia pa! Mtaa mzima unageuka.

4. Kodak Ektar H35

Ya plastiki, ilitoka 2022, unaipata mpya. Inagawa kila picha mara mbili, hivyo filamu ya picha 36 inakupa 72. Kwa bei za filamu za sasa hilo si jambo dogo. Ukiishika kawaida picha inatoka ya kusimama, na hiyo ndiyo sura ya mtu. Shata ni 1/100 na tundu f/9.5, havibadiliki. Ukipiga hesabu, kwa filamu ya 200 vinaendana karibu sawasawa na kivuli cha baraza. Juani mwanga unazidi lakini negativu itavumilia. Usitegemee kuikuza picha ijae ukutani.

Zilizobaki

Canon AE-1 ya 1976 ni nzuri na kila mtu anaitaka kwa sababu inapendeza shingoni. Inataka betri ya volti 6 isiyokaa dukani, na bila betri haifyatui. Zile kamera ndogo za otomatiki za miaka ya 1990 zina elektroniki ambayo ikiingia chumvi fundi hana pa kushika. Kamera za kutumia mara moja zinunulie harusi, ziwekwe mezani wageni wachezee; kwa kujifunzia ni ghali kwa kila picha.

Kukagua, yoyote ile

Fungua mlango wa nyuma, weka shata kwenye B (inabaki wazi muda wote unaposhikilia kitufe), tundu wazi kabisa, bonyeza na ushikilie, kisha mulika kwa tochi ya simu kutoka mbele huku ukichungulia nyuma. Ukungu utauona kama nyuzi za buibui. Vumbi kidogo halina neno, nyuzi zina neno. (Trip haina B, mulika tu kutoka mbele kwa mshazari.) Gusa sponji za mlangoni: zikiacha lami nyeusi kidoleni, mwanga utaingia. Si sababu ya kuiacha, uzi mweusi wa sufi unaziba vizuri, ila ni sababu ya kupunguziwa bei. Muuzaji wa mtandaoni akiandika "haijajaribiwa", elewa kwamba ameijaribu.

Ukiwa nayo, itoe kwenye mfuko wake wa ngozi, maana ngozi inatunza unyevu. Iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga, pamoja na vile vifuko vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wengine huweka mchele. Mchele una vumbi.

Filamu na kusafisha

Kabla ya kununua kamera, jua nani atakusafishia. Wengi wetu tunatuma Dar kwa basi, tena filamu zikiwa kadhaa ili nauli iwe moja. Kwa rangi, Kodak Gold 200 au ColorPlus 200 zinatosha. Kwa nyeusi na nyeupe, Ilford HP5 Plus, nayo unaweza kuisafisha mwenyewe nyumbani. Tatizo la nyumbani ni maji: dawa za nyeusi na nyeupe zimepangiwa nyuzi 20, na maji ya bomba letu hayapoi hadi hapo hata usiku. Weka chupa za dawa kwenye beseni la maji na barafu, subiri, pima kwa kipimajoto. Dawa za rangi zinataka nyuzi 38, kwa hiyo huko joto letu linasaidia kidogo.

Filamu ambayo haijatumika ikae kwenye friji, na uitoe saa chache kabla ya kuifungua isije ikatoa jasho. Iliyopigwa isilale kwenye gari.

Tenga pia hela ya kuchapisha. Ukimwamkia mtu, ukaomba, akakukalia, basi picha yake ni deni, ipeleke. Kamera usiielekeze bandarini, polisi wala kambini, na watoto uliza wazazi. Ukirudi na picha ya kwanza mkononi, baraza la jirani watakuita wenyewe, na hapo ndipo utajua kama filamu mbili ulizonunua zilitosha.