Uzoefu wangu na darasa la ngumi: konde zito linaanzia kisiginoni

Kwa wale wanaouliza kama kuna faida ya kumlipa kocha wa ngumi wakati begi la kupigia unaweza kulining'iniza nyumbani kwenye mwembe ukapiga mwenyewe, jibu langu ni lipa, tena lipa mapema kabla mwili haujazoea kupiga vibaya. Mi nafanya kwenye jimu ya mtaani huku Mwananyamala, Dar es Salaam, elfu hamsini kwa mwezi, jioni siku tatu za wiki, sehemu ya kawaida tu, bati juu, ulingo mmoja, mabegi kadhaa, na kocha ni mzee aliyecheza ngumi za ridhaa enzi zake. Nina kilo 58 na nilienda pale nataka kitu kimoja, kupiga konde zito. Nimelipata na ndo nataka kulielezea hapa kwa urefu.

Mwanzoni kocha hashughuliki na mkono wako kabisa. Anakusimamisha mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, upana kama wa mabega hivi, magoti yamelegea kidogo, alafu anachokwambia ni sukuma ardhi. Mi alichukua kandambili moja akaisokomeza chini ya kisigino changu cha kulia akachuchumaa ameishika, kila nikirusha mkono wa kulia anaivuta, kisigino kikibaki chini kandambili haitoki na yeye anasema "bado binti, huo mkono mtupu", kisigino kikinyanyuka na mguu ukazungukia kwenye vidole kandambili inachomoka kirahisi na sekunde hiyohiyo begi linalia tofauti kabisa. Yani unasikia kwa masikio yako, huhitaji kuambiwa na mtu kwamba hiyo ndo yenyewe.

Na sababu iko wazi ukikaa ukaifikiria. Misuli mikubwa ya mwili iko kwenye mapaja na makalio, mkono ni kitu chembamba tu, sasa ukipiga kwa mkono peke yake umeacha karibu nguvu yako yote nyumbani. Ukiisukuma ardhi na mguu wa nyuma nayo inakurudishia, inapanda kwenye goti, goti linageukia ndani, nyonga inazunguka, ndo kifua kinafuata, bega, kiwiko, ngumi inafika ya mwisho. Utaratibu huo haurukwi. Nyonga lazima itangulie na bega libaki nyuma kidogo, ule mvutano katikati ya kiunoni na begani ni kama mpira wa manati uliovutwa, ukiachia ndo mkono unaruka. Vikitoka vyote kwa pamoja konde linakuwa zito kurusha lakini jepesi kufika. Kwa hilo kocha ana dawa yake, anakufunga kanga kiunoni anakaa nyuma yako ameshika ncha mbili, ukitaka kupiga anaivuta ncha ya kushoto nyuma, nyonga ya kulia inaenda mbele kabla mkono haujatoka. Baada ya muda mwili unakumbuka wenyewe hata kanga ikivuliwa.

Kitu kingine ambacho sikukitegemea kabisa ni kulegea. Watu wengi tunafikiri kupiga kwa nguvu ni kukaza, kumbe ukikaza bega na kukunja ngumi tangu mwanzo unajifunga breki mwenyewe, misuli inavutana mkono unachelewa. Kocha anataka mkono uwe umelegea njia nzima, ngumi inakazwa pale tu inapogusa, na hapo inakazwa kwelikweli pamoja na tumbo na mgongo, kiganja kimenyooka na mkono, unagusia vifundo viwili vikubwa vya kidole cha shahada na cha kati. Ule mkazo wa chini ya sekunde moja ndo unaufanya mwili mzima uwe nyuma ya ngumi, ukilegea pale kiganja kinapinda nguvu inaishia hapohapo na unaweza kuumia. Pumzi inatoka palepale kwa ule mlio wa "tss", alafu mkono unarudi kidevuni haraka kama ulivyoenda.

Ukitaka kujua unapiga vipi angalia begi. Begi likienda mbali linabembea huko, hapo umelisukuma. Begi likikunjika katikati, likatoa sauti kali na kubaki karibu palepale, hapo umepiga. Mpinzani ukimsukuma atarudi hatua mbili aje tena, ukimpiga, kabla ya kuja kula konde la pili anafikiria kwanza.

Hapa ndo nilielewa kwa nini Rocky Marciano, bondia wa Marekani wa uzito wa juu, aliwaangusha watu waliomzidi mwili. Septemba 1952 kule Philadelphia alikuwa nyuma kwa pointi mbele ya Jersey Joe Walcott aliyekuwa bingwa wa dunia, ana kilo kama 83 tu, raundi ya 13 akamtoa kwa mkono wa kulia uliosafiri umbali mfupi sana, ukiangalia ile picha ya video mkono hauna mbwembwe, lakini angalia kiuno na miguu. Na Mmarekani mwingine, Joe Frazier, mwaka 1971 pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, raundi ya 15, ile huku ("hook", konde la kuzungusha kutoka pembeni) ya kushoto iliyomlaza Muhammad Ali chini, Frazier anatokea chini amekunja magoti, mwili mzima unapanda na kuzunguka kwa pamoja. Hiyo "hook" ndo konde ninalolipenda kuliko yote sasa hivi, uzito unaupeleka kwanza mguu wa mbele, alafu unazungusha huo mguu na nyonga, kiwiko kimepinda nyuzi 90 hivi, mkono wenyewe haufanyi kazi kubwa, unabebwa. Hata kwetu hapa tunao mfano, Hassan Mwakinyo alivyommaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili tu kule kwao Birmingham mwaka 2018, watu walizungumza sana kuhusu ujasiri na mi naukubali, ila nikirudia kuangalia sasa macho yangu yanaenda miguuni moja kwa moja.

Jebu, lile konde la kunyoosha la mkono wa mbele, pia wengi wanaichukulia kama konde la kuchokoza tu, kocha wangu hakubali. Unapiga hatua fupi na mguu wa mbele na ngumi inafika kabla mguu haujatulia chini, kwa iyo ule uzito wa mwili unaoanguka mbele unaenda nao. Akinishikia pedi, zile anazovaa mikononi ili nizipige, kwa jebu siku hizi anakaza mkono wake kabisa, zamani alikuwa anashika huku anaongea na watu pembeni.

Tuje kwenye mapungufu maana yapo. Sakafu ni sementi iliyopigwa ikalainika, watu wakishatoka jasho inateleza, na mguu ukiteleza kila nilichoandika hapo juu kinakufa, huwezi kusukuma ardhi inayokukimbia. Wangeweka hata mkeka wa mpira upande wa mabegi. Kuna begi moja limejazwa mchanga, mchanga wote umeshuka chini umekuwa jiwe, usilipige chini kule hasa kama wewe ni mgeni, tumia yale yaliyojazwa matambara. Glovu za jimu zinavaliwa na kila mtu na hazikauki vizuri. Sparing, yani kupigana na mwenzako kwa mazoezi, kocha hakuruhusu haraka na hilo nampongeza sana, kuna sehemu nyingine nilifanya kabla ya hapa unapigishwa pushapu na vyuma tu alafu unaingizwa ulingoni na mtu wa kilo 75, nguvu ya kupiga hawakukufundisha na kichwa chako hawakukijali.

Kwa dada anayefikiria kuanza, njoo, tuko kadhaa na hakuna anayekusumbua, kocha ni mkali kwa hilo. Ukija nunua bandeji zako za kufungia mikono za mita 4 na nusu, zile fupi hazitoshi kuzunguka kiganja na vidole vizuri, na glovu zako za aunsi 12 au 14. Viatu usije na vile vya kukimbilia vyenye soli nene, vinang'ang'ania chini wakati mguu unatakiwa uzunguke na goti ndo linapokea msokoto wote, vaa raba za soli bapa nyembamba tu hata za bei rahisi, na fika kabla ya saa kumi na mbili maana baadaye wanaingia wanaojiandaa na mapambano na kocha anakuwa nao.