Kofia ya chuma niliyoisubiri miezi sita, na glavu nilizozirudisha

Habari zenu wapendwa. Tangu niweke ile picha nimevaa mavazi ya vita ya chuma nje ya ngome ya Malbork huku Poland nimeulizwa mno, hivi ni vya kweli au plastiki, unanunua wapi, bei gani, na kuna dada mmoja yuko Ujerumani anataka kuanza kabisa anaomba nimwelekeze, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja, ni ndefu kidogo mnivumilie.

Kwa msiojua, niko kaskazini mwa Poland mwaka wa tano huu na nimejiunga na kikundi cha kuigiza vita vya zamani. Vita yenyewe inayopendwa huku ni ya tarehe 15 Julai 1410, Wapoland na Walithuania walikutana na Wateutoni, wale wapiganaji watawa wa Kijerumani wenye msalaba mweusi kwenye vazi jeupe, pale Grunwald, wakawachapa na mkuu wao Ulrich von Jungingen akafia palepale uwanjani. Tangu 1998 kila Julai watu wanarudi Grunwald kuipigana upya, na kwa sababu hiyo mafundi wa deraya, yaani mavazi ya chuma ya vita, huku wapo kweli, ni kazi inayolisha familia na ina jina lake, płatnerz. Chapeo, dirii, haya maneno mimi nilizoea kuyasikia kanisani tu, sasa ninavyo chumbani chini ya kitanda. Panga zetu ni butu, ukingo haupungui milimita 2 na ncha imeviringwa, lakini chuma ni chuma, ukipigwa kichwani na upanga wa kilo moja na robo unausikia mpaka kwenye meno.

Ndo maana naanza na kofia.

Ya kwanza niliagiza mtandaoni, duka silitaji. Ilifika siku ya tisa, imefungwa vizuri, inang'aa, bei nusu ya za huku, nikafurahi sana. Saizi walikuwa na ndogo, ya kati na kubwa basi, na mimi wakati huo nilikuwa nimesuka rasta ndefu nikachukua kubwa. Mazoezi ya kwanza tu nikagongwa pembeni, wala si kwa nguvu, kofia ikazunguka, tundu la macho likahamia kwenye sikio, nikabaki gizani na watu wanaendelea kunigonga kwa sababu hawajui kama sioni. Niliogopa vibaya mno siku ile. Usiku sikulala, niliwaza kuacha kabisa. Halafu ile sketi ya pete za chuma inayoning'inia shingoni pete zake zilikuwa zimekunjwa tu zikakutanishwa ncha, hazina riveti, kile kijipini cha kuzifunga, kila mazoezi naokota pete kwenye majani, baada ya mwezi pana tundu la kupita ngumi, na hapo ndipo panapolinda koo. Anayeuza kitu kama kile anajua anachofanya na mimi sijamsamehe.

Sasa nije kwa fundi. Jina lake siliweki, ameniomba, foleni yake imejaa na hataki kutangazwa, anapata wateja kwa kuelekezana. Karakana iko ghalani nyuma ya nyumba yake, kuna tanuru la gesi, nyundo zaidi ya thelathini ukutani, na magogo yaliyochongwa mashimo ambayo bati la chuma linalazwa juu yake likipigwa mpaka linabonyea kama bakuli. Ile sauti jamani! Ni ileile ya mafundi bati wanaogonga tranka za wanafunzi wa bweni, nilisimama mlangoni kama dakika nzima siingii, nimekumbuka nyumbani.

Swali lake la kwanza halikuwa la chuma wala la hela, aliniuliza hivi nywele zako zinakuwa hivi siku zote? Nikamwambia hapana, mwezi huu rasta, mwezi ujao naweza kuachia afro. Akasema basi chagua mtindo mmoja wa vitani, ukishaamua urudi tupime, mimi sipimi leo. Nilikuwa nimesafiri saa mbili na nusu kwa treni na basi, iliniuma, lakini alikuwa sahihi kabisa na hakuna mtu kabla yake aliyewahi kufikiria hilo, wala mimi mwenyewe. Baada ya wiki mbili nikarudi nimesuka twende kilioni, bila nywele za kuongeza, na mpaka leo huo ndio mtindo wangu wa kupigania. Akanivalisha kwanza ile kofia ya ndani ya kitambaa chenye pamba ndo akaanza kupima juu yake: mzunguko, paji la uso mpaka kisogoni, sikio mpaka sikio kwa chombo kama koleo kubwa, utosini mpaka kidevuni. Halafu akanivalisha na koti la pamba linalokaa chini ya chuma, akaniambia tazama juu, tazama chini, geuka, akawa anaandika. Sijapimwa hivyo tangu mama anipeleke kwa fundi kushonewa gauni la kipaimara.

Chuma chake ni cha jamii ya springi, ndugu na kile cha springi za gari ambacho wahunzi wetu wanafulia visu na sime, ukikipasha mpaka kiwe chekundu ukakizamisha kwenye mafuta kinakaza, halafu unakirudishia moto kidogo ili kisiwe cha kupasuka kama kioo. Faida yake inakuwa nyembamba na bado haibonyei kirahisi. Yangu ina milimita 1.8 utosini, akasema kwa chuma laini cha kawaida asingeshuka chini ya 2. Umbo ni bascinet, imechongoka juu kama yai ili pigo liteleze, na kifuniko cha uso kina pua ndefu iliyochongoka wenyewe wanaifananisha na uso wa mbwa. Hiyo pua si urembo. Inakupa nafasi ya kuvuta pumzi bila chuma kugusa mdomo, na upanga ukija usoni unatelezea pembeni. Matundu ya hewa yako mengi upande wa kulia, kama kwenye nyingi za zamani, kwa sababu upande wa kushoto ndio unaomwelekea adui zaidi, na kila tundu linapunguza nguvu ya bati.

Ndani kuna kitambaa cha kitani kilichojazwa pamba, kimeshonewa pembeni ya kofia pande zote na utosini kinavutwa kwa kamba, ukikaza kamba kofia inapanda, ukilegeza inashuka, kwa hiyo kichwa kinaning'inia kwenye kitambaa na chuma chenyewe hakikugusi popote. Hapo ndo hela yangu ilipokwenda na sijutii hata zloti moja, hela ya huku Poland. Kofia tupu na kifuniko chake kilo 3.1, ukiongeza pete za shingoni inafika 5, na bado hainichoshi kama ile ya dukani iliyokuwa nyepesi, maana ile uzito wote ulikaa kwenye paji la uso.

Kwenye pete alikuwa mkweli. Aliniambia wazi pete hatengenezi yeye, ananunua vipande vilivyosukwa India, kama ilivyo kwa pete nyingi zinazouzwa Ulaya sasa hivi, yeye kazi yake kukata na kuunga zifuate mabega yako. Zimepigwa riveti moja moja. Nimezivuta, nimeziangalia pete kwa pete, kwenye maelfu ya pete nilikuta 6 ambazo riveti haikukaa, akazibadilisha nikiwa nimekaa hapohapo, na akanipa za akiba kwenye bahasha na riveti zake.

Vipi kuhusu pigo? Agosti tulikuwa kwenye ngome moja ndogo, mistari miwili inasukumana, nikala upanga wa juu kutoka kwa mtu mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Sauti ilikuwa kubwa kama kengele, magoti yakalegea kidogo, lakini kofia HAIKUHAMA, macho yangu yalibaki kwenye tundu na nikaendelea. Baadaye nikaitazama, mkwaruzo tu. Nilimtumia fundi picha nikiwa natetemeka kwa furaha.

Sasa malalamiko, na yapo.

Kwanza muda. Aliniambia miezi mitatu, nikapata baada ya sita. Nilikuwa nimepanga kuivaa Grunwald, nimeomba likizo kazini, nimelipa nafasi ya kambi, Julai ikafika kofia haijaisha, nikaenda kama mtazamaji, nimekaa pembeni kwenye joto nawaangalia wenzangu wanajipanga. Ujumbe wangu alijibu mmoja kati ya mitatu. Tunawajua mafundi wa hivi, fundi cherehani anayekwambia njoo kesho mpaka mkesha wa Idi, ila yule nguo yake ni shilingi elfu thelathini, huyu nilishampa nusu ya zloti 2,400, na kwa mshahara wangu hiyo hela ni nyingi. Angenambia miezi sita tangu mwanzo ningesubiri kwa amani. Hilo nimemwambia usoni, akakubali kosa, sijui kama atabadilika.

Pili glavu, na hapa niliumia kweli. Ni zile za umbo la jiko la mkaa, pana kwenye mkono, zinabana kwenye kifundo halafu zinafunguka tena, vidole vina vibati vidogo vimepangana kama magamba ya samaki juu ya ngozi. Nzuri kuangalia. Lakini mtu yuleyule aliyenirudisha nyumbani kwa sababu ya nywele, mikono hakunipima! Alitumia kipimo alichonacho ukutani, kipimo cha mikono ya wanaume anaowatengenezea kila siku, akasema glavu ni glavu. Kidole gumba changu kikawa kifupi kuliko bati lake, siku ya pili tu ya mazoezi pigo likashuka kwenye mpini, bati likajikunja kwa ndani, kucha yote ikatoka. Wiki tatu nilikuwa siwezi kufunga vifungo vya shati. Nikazirudisha. Akazitengeneza upya bure, zamu hii kwa kuchora mkono wangu kwenye karatasi kila kidole, lakini nauli na posta nilijilipia mwenyewe na nilikaa wiki saba tena bila glavu. Za sasa zinakaa vizuri sana, nashika upanga kama sijavaa kitu. Ila zilitakiwa ziwe hivyo mara ya kwanza.

Koti la pamba sikulichukua kwake, yeye hashoni, nimeshonewa na mama mmoja mwenye banda lake Grunwald. Kitani nje, kitani ndani, katikati tabaka za pamba, limepigwa mistari ya uzi kama godoro, Wapoland wanaliita przeszywanica. Zloti 850. Msichukue ya poliesta hata ikiwa bei ya bure, jasho halitoki, kwenye joto la Julai na chuma juu yake utazimia. Kasoro yake ni kwamba halikauki upesi, na kulifua lote ni shughuli, mimi nalianika nje usiku kucha nikipata nafasi.

Kutu: kila baada ya kuvaa nafuta kwa kitambaa kikavu halafu mafuta ya mashine, yale mepesi. Zamani pete walikuwa wanaziweka kwenye pipa na mchanga na siki wakalivingirisha, na kikundi chetu tunafanya hivyohivyo kwa ndoo yenye kifuniko, mchanga mkavu tu, zinatoka zinang'aa. Nikifikiria kuvipeleka hivi vitu nyumbani Tanga nikaonyeshe wadogo zangu naogopa ile hewa ya chumvi.

Dada wa Ujerumani, najua unataka upanga kwanza, kila mtu anataka upanga kwanza. Upanga azima kwenye kikundi, wote wanao wa ziada. Hela yako ya kwanza iende kichwani, ya pili mikononi, na usimpe fundi shilingi kabla hajakwambia ni chuma gani, unene gani, pete zina riveti au hazina, na hajakupima ukiwa umevaa kila kitakachokaa chini ya hicho chuma, nywele zako zikiwa hivyohivyo utakavyopigana. Akikwambia anayo saizi yako tayari na hajakugusa, aga uondoke. Vya mtumba pia vinauzwa Grunwald na kwenye masoko mengine ya kiangazi, nimeona vizuri tu, lakini hivyo vilipimwa kwa mwili wa mwingine, koti na mkanda sawa, kofia hapana.

Kwa kifupi cha bei yangu mimi, kofia na kifuniko 2,400, pete za shingoni 600, glavu 1,300, zote zloti. Kofia nampa kumi kwa kumi, glavu sita, mawasiliano mbili.

Na bado nimerudi kwake. Sasa hivi ni miguu. Huko Visby, kisiwa cha Gotland Sweden, mwaka 1361 wakulima walipigwa na jeshi la mfalme wa Denmark wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja wengine na deraya zao, na mifupa ilipofukuliwa karne iliyopita walikuta majeraha mengi sana yako chini ya goti. Mguu ndo unaosahaulika. Hata kwenye kikundi chetu wengi wana kofia ya bei mbaya na goti limefunikwa kitambaa. Nimeshalipa nusu, ameniandikia tarehe kwenye karatasi na kusaini, na safari hii kanipima nikiwa nimesimama, nimekaa, nimepiga goti, mguu wa kushoto peke yake na wa kulia peke yake, na nyayo akazichora.