Albamu za Black Metal za Kusikiliza Majira ya Baridi: Uzoefu Wangu

Kila majira ya baridi yanapoingia huwa narudia albamu zilezile chache za black metal, aina ya muziki mkali wa metali wenye magitaa ya mkwaruzo, ngoma za kasi na sauti za kukoroma. Kwa kuzisikiliza mwaka baada ya mwaka nimefikia msimamo kwamba ubaridi wa albamu hautokani na jalada wala mashairi yanayotaja theluji. Unatokana na namna magitaa yalivyorekodiwa na nafasi iliyoachwa kati ya ala moja na nyingine.

Ushahidi wangu mkubwa ni kundi la Immortal la Bergen, Norwei, ambalo limejenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya ufalme wa kubuni wa barafu uitwao Blashyrkh. Albamu yao ya mwaka 1995, Battles in the North, ina jalada jeupe linalowaonyesha wanamuziki wawili wakiwa kwenye theluji, lakini ngoma zinakwenda kasi mno na magitaa yamesongamana kiasi kwamba ninachokisikia humo ni joto la vita. At the Heart of Winter ya mwaka 1999 ni habari nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ninayompendekezea kila anayeniuliza aanzie wapi. Kabla ya albamu hiyo, mpiga gitaa Demonaz alilazimika kuacha kupiga kwa sababu ya maradhi ya kano za mkono. Akabaki kuwa mwandishi wa mashairi, naye Abbath, aliyekuwa mwimbaji na mpiga besi, akalibeba gitaa pia. Waliirekodi Uswidi, katika studio ya mtayarishaji wa muziki Peter Tägtgren, na matokeo yake ni nyimbo sita tu, zote ndefu, ambazo kila ala ndani yake inasikika wazi. Katika wimbo wa Solarfall dhoruba inakatika ghafla, gitaa lisilo na mkwaruzo linadondosha noti moja moja, halafu ngoma zinarejea taratibu. Hapo ndipo ninapoamini kwamba ukimya kidogo unaleta baridi kuliko mwendo kasi wa albamu nzima.

Mtu wa pili ninayemheshimu sana katika jambo hili ni Wintherr wa Uswisi, anayefanya kazi peke yake kwa jina la Paysage d'Hiver, yaani mandhari ya majira ya baridi. Rekodi yake ya mwaka 1999 yenye jina hilohilo ina nyimbo tatu, na kila mmoja unazidi robo saa. Nakiri kwamba si rahisi kuipokea: magitaa yamefunikwa na mvumo mzito, upepo unavuma, na sauti ya mwimbaji iko mbali kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Anayeisikiliza kwa spika ndogo za simu atadhani faili limeharibika. Nashauri hedifoni nzuri, sauti ya wastani, na subira ya dakika kadhaa, kwa sababu sikio likishazoea mvumo ule linaanza kutambua melodi iliyojificha chini yake, na baada ya hapo huwezi tena kuacha kuisikia. Kwa kipimo changu hakuna rekodi inayoifikia hii kwa ubaridi.

Transilvanian Hunger ya kundi la Darkthrone la Norwei, iliyotoka mwaka 1994, inafika karibu na hapo kwa njia ya ufukara. Fenriz alipiga ala zote mwenyewe, Nocturno Culto akaongeza sauti, na ngoma karibu hazibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Wapo wanaouita uvivu; mimi nauona ni uamuzi uliofikiriwa, maana mapigo yasipobadilika sikio lote huhamia kwenye gitaa. Hata hivyo, sehemu ya mashairi yake iliandikwa na mtu aliyekuja kufungwa kwa mauaji, na msikilizaji ana haki ya kulijua hilo kabla ya kutoa fedha yake.

Anayeogopa kelele aanze na Bergtatt ya kundi la Ulver, ya mwaka 1995, inayosimulia kwa sura tano habari za msichana anayevutwa milimani na viumbe wa ngano. Kuna uimbaji laini wa kwaya, gitaa la akustika na filimbi, na katika sura ya tatu magitaa yananyamaza ukasikia hatua za mtu akipita msituni. Ni fupi, na haichoshi kamwe.

Albamu ya 1184 ya kundi la Windir, ya mwaka 2001, ina melodi za kiasili za Sogndal, huko Norwei, na ni changamfu kuliko nyingine zote hapa. Siwezi kuisikiliza bila kumkumbuka kiongozi wake, Valfar, aliyefariki kwa baridi Januari 2004 baada ya kukutwa na dhoruba ya theluji akielekea kwenye nyumba ya familia yake mlimani.

In the Nightside Eclipse ya kundi la Emperor, iliyorekodiwa mwaka 1993 katika ukumbi wa Grieghallen mjini Bergen, ni kazi kubwa, ila vinanda vyake vinanipa picha ya usiku zaidi kuliko ya theluji, kwa hiyo huwa naiacha kwa nyakati nyingine za mwaka.

Kwa aliyekwisha kuzizoea hizi zote ipo Im Wald, ambayo Paysage d'Hiver aliitoa mwaka 2020. Inachukua takriban saa mbili, na sishauri kuikatakata vipande: nyimbo zake zimepangwa kama safari moja ndani ya msitu, na sehemu tulivu za katikati hupoteza nguvu zisipotanguliwa na kelele zilizo kabla yake. Tenga jioni nzima isiyo na shughuli nyingine.