Solr bila Tomcat: nilivyoacha ukaidi wangu Lubumbashi

Nianze na hukumu, ili asiye na muda aende zake: ukitaka kuendesha Solr, programu ya kutafuta vitu ndani ya data, iache ikae ndani ya Jetty, seva ya programu za Java inayokuja nayo. Mimi nilihangaika na Tomcat, seva nyingine ya aina hiyo, miaka minne, na sababu ni moja tu: ndiyo niliyosomea, na mtu hapendi kuona kitu alichokitolea jasho kikikosa kazi.

Mashine ninayoizungumzia iko chini ya kaunta ya duka la vipuri vya magari, komini ya Kenya, si mbali na soko. (Kenya yetu ya Lubumbashi, si ile ya Nairobi.) Ina RAM ya GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka, na onduleri inayoshikilia umeme kwa dakika kumi ikiwa imeamka vizuri. Faharasa, yaani orodha ambayo Solr inatafuta ndani yake, ina vipuri elfu thelathini na kitu: jina kwa Kifaransa, namba ya kiwandani, aina ya gari, rafu. Muuzaji anaandika kwenye kivinjari, Solr inamwambia kitu kiko wapi. Kabla ya hapo aliyejua rafu zote alikuwa mzee mmoja tu, na siku akienda kwenye kilio duka linasimama.

Solr ilianzia kampuni ya CNET mwaka 2004, kazi ya Yonik Seeley, ikakabidhiwa shirika la Apache mwaka 2006. Kwa miaka mingi iligawiwa kama faili la WAR: unalichukua, unalitia ndani ya seva yoyote ya programu za Java, nalo linafanya kazi humo. Nami nilikuwa na Tomcat 7 tayari, inabeba programu ya ankara za duka. Nikaona nitie Solr 4.10 humo humo, chungu kimoja, kuni kidogo.

Siku ya kwanza Tomcat ilinijibu maneno mawili: «Error filterStart». Basi. Hakuna faili, hakuna mstari, hakuna sababu. Jioni mbili zilipita. Kumbe tangu Solr 4.3 maktaba za SLF4J, zile za kuandika kumbukumbu za mfumo, zilitolewa ndani ya WAR. Ilikuwa juu yangu kuzinakili kwa mkono kutoka kwenye folda ya mifano na kuziweka katika lib ya Tomcat. Bila hizo Solr haisimami, na haiwezi hata kusema kwa nini, maana kilichokosekana ndicho kinywa chenyewe.

Lakini kilichoniaibisha ni herufi. Patron wa duka anaandika kwa haraka bila alama yoyote: demarreur, refrigerant, courroie. Anapata. Yaya wa kaunta, dada anayeuza pale, aliyesomeshwa na masista, anaandika démarreur kama inavyotakiwa. Sifuri. Wiki nzima nilidhani anakosea kubofya. Mwishowe patron akaniita: «Papa Ingénieur, hii mashini yako inaadhibu waliosoma?»

Na kweli ilikuwa inawaadhibu. Kivinjari kinatuma é kwa UTF-8, yaani baiti mbili. Tomcat 7, usipoiambia kitu, inasoma anwani kwa ISO-8859-1, kila baiti herufi yake. Solr 4.10 yenyewe inasoma UTF-8 bila kuitegemea Tomcat, lakini ukurasa wangu wa kutafutia ulikuwa unapokea neno kupitia Tomcat kabla ya kuipelekea Solr. Kwa hiyo Solr ilikuwa inatafuta «dÃ©marreur», kipuri ambacho hakuna kiwanda duniani kinakitengeneza. Patron aliokoka kwa sababu nilikuwa nimeweka kichujio cha kuondoa alama juu ya herufi, ASCIIFoldingFilter, na neno lake halikuwa na alama ya kuharibika njiani. Dawa ni kuongeza URIEncoding="UTF-8" kwenye Connector ndani ya server.xml. Neno moja! Kuanzia Tomcat 8 UTF-8 ndiyo inayotumika usiposema kitu, na Jetty haikunisumbua kwa hilo hata siku moja.

Hamu ya kuhama ilikuja nilipotaka toleo jipya. Tangu Solr 5.0, mwaka 2015, Jetty imefungwa ndani na wenye Solr hawaungi mkono tena kuiweka kwenye seva nyingine. Nilikasirika, nikabaki na 4.10 yangu kama mtu anayeshikilia gari lisilo na vipuri tena. Mwisho nikachukua Solr 8, nikaendesha install_solr_service.sh kwenye mashine ya majaribio, nikaenda kula bukari. Niliporudi ilikuwa inasubiri kwenye poti 8983: programu chini ya /opt, data chini ya /var/solr, na mtumiaji wake mwenyewe anayeitwa solr, asiye na nguvu za root, yaani za msimamizi wa mashine. Hakuna server.xml, hakuna kunakili maktaba. Nilijisikia mjinga kidogo.

Mwanzoni nilitangaza kwamba Jetty ina kasi kuliko Tomcat. Majibu yaliyokuwa yanachukua sekunde nne au tano sasa yalitoka papo hapo. Nilisema hivyo kwa watu, na sasa nafuta maneno yangu. Nilikuwa nimeipa Java ya Tomcat GB 3 kati ya 4, nikidhani ninaipendelea. Solr mpya niliiacha na MB 512 inazoanza nazo. Siku moja, kwa udadisi, nikaipa Tomcat ya zamani MB 512 vilevile: kasi ikawa ileile. Lucene, moyo wa Solr, inasoma faharasa kupitia kumbukumbu ya mfumo wa mashine; ukiijaza RAM yote na Java, mfumo unabaki bila nafasi ya kushika mafaili, na diski inaanza kulia. Kwa duka la ukubwa huu, seva ya programu haibadilishi kasi. Inachobadilisha ni jioni zako.

Umeme ni jambo jingine la hapa kwetu. Ukikatika ghafla, Solr inaporudi inasoma daftari lake la mabadiliko na kurudisha yale ambayo hayakuwa yamethibitishwa. Imefanya hivyo mara nyingi, sijapoteza kipuri hata kimoja. Ila amri ya kuizima, bin/solr stop, inaweza kusubiri hadi sekunde 180 kabla ya kuiua kwa nguvu. Onduleri ikiwa imechoka, hizo ni nyingi. Mimi nimepunguza hadi 60 kwa SOLR_STOP_WAIT.

Kasoro haijakosa. Toleo la 8 linafungua poti yake kwa mtandao mzima bila kuuliza jina wala neno la siri. Kijana yeyote aliyeunganishwa na Wi-Fi ya duka angeweza kufuta faharasa yote. Solr 9, ya mwaka 2022, ndiyo iliyoanza kusikiliza 127.0.0.1 peke yake, yaani mashine yenyewe tu. Na Desemba 2021, lilipotokea tundu la usalama la Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za mfumo, mwenye toleo lolote kuanzia 7.4 hadi 8.11.0 alikuwa na kazi usiku huohuo. Nilipanda hadi 8.11.1 kwa intaneti ya simu, megabaiti baada ya megabaiti.

Kiswahili nacho kinataka mkono wako. Kifaransa kina kichambuzi chake ndani ya Lucene, chetu hakimo. Nimeandika faili la visawe: taa ya mbele ni phare, pedi ya breki ni plaquette. Yaya ananiletea maneno mapya kwenye karatasi kila Jumamosi.

Alama zangu: Solr na Jetty yake, nne kati ya tano. Ya tano niliikata kwa sababu ya ile poti iliyokuwa wazi. Tomcat sikuifuta. Bado inabeba programu ya ankara kwenye poti 8080, mashine ileile, na huko haijawahi kunikosea.