Uzoefu wangu: Legacy B4 fo-wili, mipira ya chini na milima ya Pemba

Assalaam alaykum wapenzi wa gari. Mie niko Chake Chake, natumia Subaru Legacy B4, ile bodi ya BL5, injini 2.0 otomatiki, fo-wili ya muda wote. Naandika haya kwa sababu kila anaepanda ananiuliza hii gari umeifanya nini mpaka inakata kona vile, na nikimjibu naona kama haridhiki, anangoja nimwambie nimeishusha springi au nimefunga koilova (springi na shokapu za kupandisha na kushusha gari). Hamna kitu kama hicho. Nilichofanya ni mipira ya chini, yaani bushi, vile vipande vya mpira vinavyoshika vyuma vya miguu ya gari, tairi nne za aina moja, shokapu za kawaida na alaimenti (kupima na kupanga magurudumu yalivyokaa) iliyopigwa na mtu anaejua anachokifanya, basi, na kwa barabara zetu za hapa nasema kwa moyo mmoja kwamba hapo ndipo pesa inapotakiwa iende kwanza.

Anaeendesha Unguja tu huenda asinielewe, kule barabara nyingi zimelala, hapa Pemba ni mlima bonde mlima bonde, unapanda kutoka Mkoani, hujafika Mtambile ushageuza stelingi huku na huku, unateremka kona haijesha inakuja nyengine, mbele yako kuna mtu na baskeli, na ukiwa ni msimu wa karafuu majamvi yameanikwa mpaka ukingoni mwa lami, sasa hapo unaitaka gari ipite pale pale ulipoielekeza, sio nusu mita pembeni. Ndo maana stelingi kwangu mie si suala la raha wala mashindano, ni usalama wa watu.

Hali niliyokuwa nayo ilikuwa hivi. Katikati stelingi ina uwazi, unaigeuza kidogo gari haijibu, unaongeza, halafu inajibu kwa ghafla, ilikuwa kama kukoroga uji kwa mwiko ulioregea mpini. Ukifika 80 kwenye njia iliyonyooka inatangatanga, muda wote unairudisha. Kona za kuteremka inasukuma pua nje. Na ukishatoka kwenye kona stelingi hairudi wenyewe, mpaka uirudishe kwa mkono. Juu ya hayo kulikuwa na mlio wa pawa stelingi, ule wa kulia asubuhi gari ikiwa baridi.

Hapa niseme kitu kuhusu fo-wili maana kuna imani kubwa mitaani. Watu wanaona Subaru wanasema hii haitelezi. Fo-wili inagawa nguvu ya injini kwenye tairi zote nne, kwa hiyo kupanda mlima kwenye udongo mwekundu wakati wa masika hakuna shida, gari inapanda tu. Lakini kufunga breki haikusaidii chochote, gari zote zina breki miguu minne, na kushika kona ni kazi ya tairi na sasipensheni. Tena Subaru injini yake imelala chini, sawa, uzito uko chini, hiyo ni sifa kweli, ila imekaa mbele ya ekseli ya mbele, kwa hiyo pua ni nzito na tabia yake ya asili ni kutoka nje ya kona ukiingia na spidi. Ukiwa na bushi zilizokufa tabia hiyo inazidi mara mbili, na dereva anajiamini kwa sababu ya fo-wili. Hatari iko hapo.

Nilianza na tairi. Gari ilikuwa na mbili za aina moja nyuma na mbele mbili za mtumba ambazo kila moja ina jina lake, zote zimeandikwa 205/55R16 lakini moja imelika zaidi ya mwenzake. Kwenye gari ya kawaida utaishi nayo, kwenye fo-wili ya muda wote usifanye. Tairi iliyolika ina mzunguko mdogo, inazunguka mara nyingi zaidi kwa safari ile ile, na tofauti hiyo inakwenda kubebwa na kifaa cha kati kwenye giaboksi, kwa otomatiki yangu ni pleti za klachi zinazogawa nguvu mbele na nyuma. Pleti zikichoka unaanza kusikia ukikata kona kali ya kupaki gari inajikaza na kurukaruka. Subaru wenyewe wanataka tairi zote nne ziwe saizi moja, aina moja na zilizolika sawa. Kwa hiyo nilinunua nne mpya kwa pamoja. Muangalie na tarehe wakati mnanunua, ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa yale maandishi ya DOT, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka la kwanza nililokwenda wananiletea tairi inang'aa kabisa, nikasoma tarakimu nikairudisha, ilikuwa kongwe, mpira umeshakauka ingawa haijawahi kugusa barabara. Halafu upepo, fuateni kile kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva, sio anavyokisia wa pampu.

Tairi peke yake ilibadilisha gari, lakini ule uwazi wa katikati ulibaki pale pale. Hapo nikaamua kuivusha gari Unguja na meli, maana niliambiwa na jamaa zangu kuna mzee mmoja fundi wa Subaru ambae hakai kubahatisha. Mzee aliinyanyua, akachukua mtaimbo akaingiza kwenye bushi ya nyuma ya lowa amu (mkono wa chini unaoshika gurudumu), ile kubwa, akaniita, "Mwanangu njoo uone mwenyewe." Akisukuma kidogo tu amu yote inakwenda mbele na nyuma, mpira umeshachanika kutoka kwenye chuma. Akaniambia sasa ukifunga breki gurudumu linarudi nyuma, ukitoa linakwenda mbele, unategemea stelingi iwe na adabu vipi. Nikamwambia mzee wangu badilisha zote basi. Tukabadilisha bushi za lowa amu mbele na nyuma, boljointi mbili, stabilaiza linki nne (viungo vya kile chuma kinachozuia gari kulalia upande kwenye kona), na tairodi endi moja ya kushoto (kiungo cha stelingi na gurudumu) iliyokuwa na uchezi. Bushi nilichukua za mpira mpya, sikuchukua za mtumba, maana bushi ya mtumba mpira wake una umri ule ule wa gari iliyotolewa, unalipa ufundi mara mbili bure.

Na kitu nilichompendea yule mzee mpaka leo ni hichi. Boliti za bushi alizishikiza tu gari ikiwa juu, akaishusha ikakaa kwa miguu yake na uzito wake wote, ndo akaingia chini kwenye shimo akazikaza. Kijana wake alitaka kumaliza gari ikiwa bado inaning'inia, mzee akamkatalia, "Ukiikaza hivyo ushaiua, ikishuka chini inakaa imejipinda siku zote." Na ni kweli tupu, bushi ya mpira haizunguki, inajipinda, kwa hiyo ikikazwa wakati amu imening'inia, gari ikishuka mpira unaanza maisha yake umeshanyongeka, haichukui muda unachanika. Gereji nyingi hawafanyi hivi, halafu watu wanalaumu spea ni feki. Mkipeleka gari zenu simameni hapo hapo muhakikishe.

Kitu cha pili kilichonifurahisha sana ni bushi za reki ya stelingi, kile kifaa kinachosukuma magurudumu ukigeuza stelingi. Reki kwenye hizi Legacy imefungwa kwenye kiunzi kwa mipira, na ule mpira ukilainika, ukigeuza stelingi reki yenyewe inasogea kwanza kabla ya kusukuma magurudumu, huo ndo uwazi wa katikati niliokuwa nausema. Nikaweka za poli (polyurethane, ngumu kuliko mpira), Whiteline wa Australia wanatengeneza na wapo na wengine. Wallahi katika vitu vyote hivi hichi ndo kidogo kuliko vyote na ndo kimenipa tofauti kubwa ya mkononi, sasa ukigusa tu pua inakwenda. Ila poli sikuiweka kwengine kokote. Kwenye reki ni sawa kwa sababu haipokei vishindo moja kwa moja, lakini ukijaza poli kwenye lowa amu na nyuma yote, matuta yetu na zile njia za mawe za kuingilia vijijini utazisikia mgongoni, na isipopakwa grisi inalia.

Ule mlio wa pawa stelingi nao haukuwa pampu. Huku Pemba nilishaambiwa pampu imekufa nitafute nyengine. Mzee akafungua kidumu cha mafuta akanionesha povu, akasema hii inavuta hewa, akabadilisha oringi ya pale paipu inapoingilia kwenye pampu, kijipira kidogo hivi, mafuta mapya ya ATF (yale ya giaboksi otomatiki), akageuza stelingi mwisho hadi mwisho injini ikiwa inafanya kazi mpaka hewa ikesha. Kimya mpaka leo. Kwenye injini hizi za Subaru za EJ, kama yangu, oringi ile kukauka ni jambo la kawaida sana, kwa hiyo kabla ya kununua pampu anzeni nayo.

Shokapu nilifunga KYB Excel-G nne, pamoja na maunti za juu za mbele, vile vikalio vinavyoshika shokapu kwenye bodi. Hizi ndo zilizokula pesa kubwa kuliko vyote. Maunti usizisahau, ndani yake mna beringi, ikikwama stelingi inakuwa nzito nzito na hairudi wenyewe baada ya kona, na hiyo ilikuwa sehemu ya ugonjwa wangu. Kuhusu Excel-G, ni shokapu ya kurudisha gari kwenye hali yake ya kiwandani, sio ya kuifanya ya mashindano. Wapo walionishauri nitafute New SR, zile za buluu, ambazo ni ngumu zaidi, au nivizie shokapu za Bilstein zilizotolewa kwenye Legacy spec.B, lile toleo la michezo. Kwa barabara ya lami nzuri tupu ningefikiria. Lakini mie naingia mpaka Konde, napita ndani ya Ngezi kwenda ufukweni, kule njia ina mashimo na mizizi, gurudumu linatakiwa lishuke kwenye shimo lipande bila ya kuirusha gari. Gari ngumu kwenye njia mbovu tairi zinapoteza ardhi, na tairi ikiwa hewani haishiki kitu. Springi niliacha zile zile za kiwandani kwa sababu hiyo hiyo, ukiishusha hapa utaburura tumbo kwenye kila tuta. Nunueni sehemu mnayoiamini maana feki ziko nyingi.

Alaimenti ikawa ya mwisho, na iwe ya mwisho kweli, maana ukipiga kabla ya bushi unapima kitu kinachocheza. Watu wengi wanadhani alaimenti ni kunyoosha stelingi tu isivute upande. Kwenye Subaru boliti ya juu inayoshika shokapu ya mbele na nako (chuma kinachobeba gurudumu) ina umbo la yai, ukiizungusha inabadilisha kemba, yaani kiasi gurudumu lilivyoinama. Yangu kushoto lilikuwa limelalia nje, kulia limelalia ndani. Tukayaweka sawa, yote yameinama ndani kidogo, kama nusu digrii, too ya mbele (magurudumu yanavyoelekea ndani au nje ukiyatazama kwa juu) sufuri, na nyuma too ikafungwa ndani kidogo sana ili mkia utulie. Nyuma pia inapimwa jamani! Gereji ya kwanza niliyoulizia walisema nyuma haihitaji, nikaondoka. Gari hii nyuma ina amu kadhaa na boliti ya kurekebishia too, na nyuma ikiwa imekwenda kombo utaipiga mbele mpaka uchoke na stelingi haitokaa katikati. Na mkipima ombeni karatasi ya kabla na ya baada.

Sasa hivi hali ikoje. Chake mpaka Wete naendesha kwa vidole bila ya kuipigania, unaiweka kwenye mstari inabaki. Kona za kuteremka bado unaisikia pua kuwa ni nzito, hiyo ndo Subaru, lakini inakwambia mapema mkononi kwamba tairi zinakaribia mwisho, na ukiachia mafuta kidogo inarudi ndani taratibu. Zamani haikusema kitu mpaka iko nje. Mke wangu, ambae gari hazimshughulishi, alisema mbona siku hizi sishiki mlango tukiteremka mlima. Mvua ikinyesha naenda pole kama zamani, hilo halijabadilika na halitabadilika.

Nisichokipenda ni kitetemeko kidogo kwenye stelingi ukiwa umesimama na gia iko D, kimekuja na zile poli za reki, kidogo sana lakini kipo, ambae anataka gari kimya kabisa abaki na mpira mpya wa kawaida.

Kilichobakia ni stabilaiza ya nyuma. Nafikiria kuweka nene kidogo kuliko hii ya 2.0i, maana inapunguza ile tabia ya kusukuma pua, lakini nangoja masika yapite kwanza, sitaki kuujaribu mkia kwenye lami yenye maji. Na linki za nyuma, zile amu za kushika gurudumu sio za stabilaiza, bushi zake nimeziona zinaanza kuonesha nyufa, na kwa hii hewa yetu ya bahari boliti moja imeshika kutu tayari, kwa hiyo ambae ana gari kama hii na anapanga kuifungua nyuma aanze kuzipulizia mafuta ya kulegeza boliti wiki nzima kabla, la sivyo fundi atazikata kwa moto na mpira wote unaungua.